Machozi ya Jackie Coogan Yalikuwa Mali ya Nani?

Kuna gari la wazi la kituo cha yatima. Nyuma yake amepakiwa mvulana mdogo mwenye nguo zilizomzidi umbo. Mikono ameinyoosha, mashavu yamelowa, anasihi arudishwe kwa mtu aliyemlea. Filamu ni bubu, kwa hiyo hatumsikii hata neno moja, lakini nimeitazama The Kid mara nyingi na sijawahi kufika kwenye gari lile nikabaki mkavu wa macho. Nadhani wengi walioiona tangu ilipozinduliwa New York mnamo Januari 1921 wangesema hivyo hivyo.

Mtoto yule ni Jackie Coogan. Alizaliwa Los Angeles tarehe 26 Oktoba 1914, na filamu ilipoanza kupigwa mwaka 1919 alikuwa hajatimiza miaka mitano. Charlie Chaplin, aliyeiongoza filamu na kucheza ndani yake kama mlezi wa mtoto, alisimulia katika kitabu cha maisha yake cha 1964 jinsi machozi yale yalivyopatikana. Siku hiyo Jackie alikuwa na furaha zake na kilio kiligoma kutoka. Chaplin akajaribu kila njia, akashindwa. Baba yake mtoto, aliyekuwapo pale studio, akasema atamliza yeye. Akamwambia mwanawe kwamba asipolia ataondolewa studio na kupelekwa kweli kwenye nyumba ya maskini. Mtoto akaangua kilio cha kweli, kamera ikazunguka. Walipomaliza, Chaplin alimbeba akambembeleza kwamba hakuna atakayempeleka popote. Mtoto akamnong'oneza kuwa alijua: baba alikuwa anamtania tu.

Ndiyo maana nimeanzia kwenye gari lile. Kisa kizima cha Jackie Coogan, pamoja na kesi aliyofungua akiwa mtu mzima na sheria iliyobeba jina lake, kinasimama juu ya jambo moja: mtoto aliyeamini kwamba baba yake, liwe liwalo, hatamtupa. Hakukuwa na karatasi. Kulikuwa na imani tu, na imani haina muhuri wa mahakama.

Jinsi alivyoingia

Familia ilikuwa ya jukwaani. Baba alikuwa mchezaji wa dansi za kuchekesha kwenye maonyesho ya vichekesho na muziki, na katika ukumbi wa Orpheum mjini Los Angeles alikuwa akimwita mwanawe jukwaani mwishoni mwa zamu yake. Kijana anatoka, anacheza vizuri, anapungia watu mkono, ukumbi unalipuka. Chaplin alikuwa ameketi miongoni mwa watazamaji. Karibu na wakati ule alikuwa amemzika mwanawe wa kwanza, aliyeishi siku tatu tu mwezi Julai 1919. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka saba, alipelekwa kwenye nyumba ya maskini ya Lambeth, London, kwa sababu mama yake hakuwa na uwezo. Ukilijua hilo, gari la yatima halibaki kuwa kitu cha kubuni.

Chaplin alipomwomba baba amwazime mtoto kwa filamu moja, baba alikubali pale pale. Si lawama kwake. Kwa mtu wa jukwaani, kuombewa mwanao na Chaplin ilikuwa sawa na mvuvi kuona samaki wanarukia dauni wenyewe. Ila tazama mpangilio ulivyokuwa tangu saa ya kwanza: wanaume wawili wanazungumza, na anayezungumziwa hajui kusoma.

Nafasi zake kwenye filamu

Kipaji chake kilikuwa cha kuiga. Chaplin alimwonyesha tendo, mtoto akalirudia, na baada ya kulirudia mara kadhaa hisia zikaingia zenyewe. Hilo ni gumu hata kwa mtu mzima. Wengi wakiiga wanabaki na umbo la tendo bila moyo wake. Tazama mwanzoni mwa filamu, Jackie anapovunja dirisha kwa jiwe ili mlezi wake, fundi wa vioo, apite baadaye na kupata kazi. Anarudisha mkono nyuma arushe jiwe jingine, mkono unamgusa polisi aliyesimama nyuma yake. Hageuki upesi. Anaanza kulichezea lile jiwe, kulirusha juu na kulidaka kama mtu asiye na habari, kisha anatimua mbio. Mahesabu ya wakati yaliyomo mle ni ya mchekeshaji mzoefu.

Au asubuhi ile anayopika chapati za maji huku mlezi wake bado amelala. Mtoto ndiye mwenye nyumba. Anapika, anaita, anakasirika kidogo kwamba mtu mzima anachelewa mezani, kisha wanagawana sawa kwa sawa. Nikifika pale huwa nafikiria miaka iliyofuata, kwa sababu kwenye maisha halisi pia mtoto ndiye aliyekuja kuwa mpishi wa familia, tofauti ikiwa kwenye mgao.

Baada ya The Kid alikuwa nyota kamili. Mwaka 1921 huo huo alicheza mtundu katika Peck's Bad Boy, kisha katika My Boy akawa yatima mhamiaji anayefika Marekani bila mtu. Mwaka 1922 ikaja Oliver Twist iliyoongozwa na Frank Lloyd, Lon Chaney akiwa Fagin, yule mzee anayefundisha watoto wizi wa mfukoni. Mwaka 1924, A Boy of Flanders: yatima tena. Mwaka 1925, The Rag Man: yatima anayechukuliwa na mzee wa Kiyahudi mnunuzi wa matambara na vitu vikuukuu. Mwendelezo wake, Old Clothes, ulimpa nafasi Joan Crawford alipokuwa bado mgeni katika kazi hiyo. Katikati alicheza pia mtoto wa kifalme na mtoto wa sarakasi, lakini watazamaji walimtaka kwenye matambara. Studio zilijua kinachouza: mtoto asiye na mtu, kofia kubwa imekaa upande, anayemtazama mtu mzima kana kwamba anauliza, "Utanichukua?"

Mwaka 1924 picha hiyo ilitumika kwa jambo jema kupita filamu yoyote. Shirika la Near East Relief lilikuwa likikusanya misaada kwa ajili ya yatima wa Kiarmenia na Kigiriki waliookoka mauaji na kufukuzwa makwao, na Jackie akawa uso wa kampeni ile. Alizunguka Marekani, akavuka bahari hadi Ulaya, akapokewa na Papa Pius XI. Nguo, vyakula na vitu vingine vilivyokusanywa vilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 1. Hakuwa ametimiza miaka kumi aliposafiri. Sijui kama kuna mtoto mwingine wa filamu ambaye uyatima wake wa kuigiza uliwavisha yatima wa kweli kwa kiasi kile.

Fedha nazo zilikuja kwa kishindo. Mwaka 1923 kampuni ya Metro, ambayo mwaka uliofuata iliungana na nyingine kuwa MGM, ilimchukua kwa mkataba uliotajwa na magazeti ya wakati ule kuwa wa zaidi ya dola milioni 1, juu yake zawadi ya kusaini ya dola 500,000. Jina lake liliuza siagi ya karanga, wanasesere, filimbi, karatasi za barua, santuri. Wakati huo huo posho ya Jackie mwenyewe ilikuwa dola 6 na senti 25 kwa wiki.

Kisha akakua, kama watoto wote. Nywele zake mashuhuri zilikatwa, na studio ikaligeuza tukio lenyewe kuwa filamu, Johnny Get Your Hair Cut, iliyotoka mwaka 1927. Mwaka huo alicheza mbili nyingine, halafu MGM na yeye wakaachana. Sauti ilipoingia kwenye filamu alirudi kupitia Paramount, akawa Tom Sawyer mwaka 1930 na akairudia nafasi hiyo katika Huckleberry Finn mwaka 1931. Huck alichezwa na Junior Durkin, rafiki yake. Baada ya hapo simu zikanyamaza. Miaka kumi na sita, na sehemu kubwa ya kazi yake ya studio ilikuwa imekwisha.

Mei 1935

Hakuhangaika sana, kwa sababu aliamini kuna akiba. Baba yake ndiye aliyekuwa akiendesha mambo, na kijana alielewa kwamba fedha zake zinamsubiri afikishe miaka 21, umri wa utu uzima kwa sheria ya huko wakati ule. Angeufikisha Oktoba 1935.

Tarehe 4 Mei mwaka huo, baba, Jackie, Junior Durkin na wenzao wawili walikuwa ndani ya gari wakirejea kutoka kuwinda njiwa Mexico. Milimani, upande wa San Diego, gari liliacha barabara na kubiringika bondeni. Jackie alikuwa kwenye kiti cha nje cha nyuma. Ndiye peke yake aliyetoka hai. Kwa siku moja alimpoteza baba, alimpoteza yule Huck wake mwenye miaka 19, na akampoteza mtu pekee aliyekuwa akijua nani aliahidiwa nini.

Mali ikabaki mikononi mwa mama, Lillian, ambaye baadaye aliolewa na Arthur Bernstein, msimamizi wa fedha za familia. Jackie akafikisha miaka 21. Akiba haikuja. Mwaka 1937 alimwoa mwigizaji Betty Grable, na hata hapo alikuwa kijana asiye na kitu ndani ya jina tajiri. Aprili 1938 akaenda mahakamani kumshtaki mama yake mzazi na baba yake wa kambo. Mapato yake ya utotoni yalikadiriwa kuwa dola milioni 3 hadi 4. Mengi yalikuwa yameishia kwenye makoti ya manyoya, almasi na magari ya kifahari.

Hoja za mama

Wengi wakisimulia kisa hiki humfanya mama kuwa shetani na kupita. Mimi naona hoja zake zinastahili kutazamwa moja moja, kwa sababu hazikuwa za kipuuzi kisheria, na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo.

Ya kwanza ilikuwa sheria. California, kama sehemu nyingi, ilisema mapato ya mtoto ambaye hajafikia utu uzima ni ya wazazi wake. Kanuni hiyo ilitoka kwenye dunia ya mashamba na karakana: mzazi anamlisha na kumvisha mtoto, kwa hiyo ujira mdogo wa mtoto unaingia kwenye chungu cha nyumbani. Kwetu pia wapo wazee ambao wangeitikia kwa kichwa. Kijana akichunga ng'ombe wa jirani akapewa chochote, anampelekea mama. Lakini kanuni hiyo ilipangwa kwa vibarua vya senti. Hakuna aliyeketi kuuliza itakuwaje siku chungu cha nyumbani kikijazwa na mtoto peke yake, tena kikajaa hadi kumwagika.

Ya pili: hakuna ahadi yoyote iliyowahi kutolewa kwamba Jackie atapewa kitu. Na kweli, maandishi hayakuwapo. Mwenye kuahidi alikuwa kaburini. Hata hivyo, mtoto wa miaka sita huandikiana mkataba na baba yake kwa njia gani? Kumdai ushahidi wa maandishi mtu ambaye wakati wa makubaliano alikuwa hajui kuandika ni kumfungia mlango kisha kumuuliza mbona hakuingia.

Ya tatu ndiyo inayonichoma. Walidai kwamba Jackie alikuwa anafurahia, kwamba mbele ya kamera alikuwa akicheza tu. Mchezo, wala si kazi. Rudi sasa kwenye gari la yatima. Kama ni mchezo, mbona baba alilazimika kumtisha? Mtoto anayecheza, akichoka kucheza kilio anaacha na kukimbilia mchezo mwingine. Jackie hakuruhusiwa kuacha. Kulikuwa na kamera iliyo tayari, mwongozaji anayesubiri, watu wanaolipwa kwa saa. Kilio chake kilihitajika wakati ule na pale pale, kikatolewa. Neno la kitu hicho kwa Kiswahili ni kazi. Studio zilijua ni kazi, ndiyo maana zilikiandikia mikataba. Ilibadilika kuwa mchezo siku aliyefanya alipouliza mshahara.

Mchumia juani hulia kivulini, tunasema. Hapa aliyechuma juani alibaki juani.

Kesi ilimalizika mwaka 1939. Katika mali yote ile zilikuwa zimebaki kama dola 250,000 tu, na Jackie akaondoka na dola 126,000. Mambo yalipomwendea kombo, Chaplin alimpa dola 1,000 bila kusitasita.

Studio nazo je?

Katika mabishano ya mama na mwana, studio zilijitenga pembeni kana kwamba ni ugomvi wa ukoo. Mimi siwezi kuziacha pembeni. Sheria iliziogopesha kwa jambo moja: mtoto aliweza kuukana mkataba kwa sababu tu ni mtoto. Kwa kampuni iliyotumia mamilioni kumtangaza nyota wa miaka saba, hiyo ni hatari kubwa. Basi mwaka 1927 California ilirekebisha sheria: mkataba wa mtoto ukishaidhinishwa na mahakama, hawezi tena kuukana. Pengo la studio likazibwa. Pengo la mtoto likangoja miaka kumi na miwili zaidi, likangoja hadi mtoto mashuhuri kuliko wote aaibishwe hadharani.

Ndipo mwaka 1939 ikapitishwa Sheria ya Coogan. Iliipa mahakama uwezo, inapoidhinisha mkataba wa mtoto, kuagiza hadi nusu ya mapato halisi iwekwe kwenye amana kwa ajili yake. Ilikuwa hatua, ila yenye matundu. Iligusa mikataba iliyopelekwa mahakamani tu, na kazi nyingi fupi fupi hazikupelekwa. Mahakama iliweza kuagiza, haikulazimika. Na kilichobaki nje ya amana kiliendelea kuwa cha wazazi. Shirley Temple, aliyekuwa nyota mkubwa zaidi wa kizazi kilichomfuata Jackie, alieleza katika kitabu chake cha 1988 kwamba baada ya kuingiza zaidi ya dola milioni 3, alizozikuta hazikufika hata 50,000.

Matundu hayo yalizibwa kwa kweli tarehe 1 Januari 2000. Tangu hapo California inasema mapato ya mtoto mwigizaji ni mali ya mtoto mwenyewe. Asilimia 15 ya mapato yote kabla ya makato lazima iingie kwenye akaunti ambayo haiwezi kuguswa na mtu hadi mtoto akue, mkataba uwe umepita mahakamani au la. Watu wa kazi huiita akaunti ya Coogan, na mzazi anayempeleka mwanawe studio anatakiwa kuwa nayo. Mwaka 2024 California ikapitisha sheria za kuwalinda pia watoto wanaorekodiwa na wazazi wao kwa ajili ya video za mtandaoni zenye kipato. Nikifungua simu yangu na kumwona mtoto wa miaka mitatu anachekeshwa, anashtuliwa, analizwa ili watazamaji wabonyeze alama ya moyo, namkumbuka baba wa Jackie akisema, "Nitamliza mimi."

Baadaye

Jackie hakukaa kulia. Alijiunga na jeshi mwaka 1941, akawa rubani wa ndege zisizo na injini, zile zinazovutwa kwa kamba na ndege nyingine kisha kuachiwa zitue. Machi 1944 alishusha askari usiku nyuma ya mistari ya Wajapani huko Burma, nchi ile ile ambayo baadaye mwaka huo vijana wa Keya, lile jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo) walipigana kwenye bonde la Kabaw. Kuanzia 1964 hadi 1966 alikuwa Mjomba Fester kwenye The Addams Family, kipara, macho meusi ya kutisha, balbu ikiwaka mdomoni. Watoto waliompenda kwenye televisheni hawakujua kwamba bibi zao walikuwa wamemlilia. Alifariki Santa Monica tarehe 1 Machi 1984.

Kabla ya hapo kulitokea jambo moja. Oliver Twist ya 1922 ilidhaniwa imepotea kabisa, hadi nakala ilipopatikana Yugoslavia miaka ya 1970. Picha zilikuwepo, ila zile kadi za maneno ya Kiingereza zinazosomwa katikati ya filamu bubu hazikuwepo. Waliitwa waliokuwa hai wasaidie kuyarudisha maneno: mtayarishaji wake, Sol Lesser, na Jackie Coogan mwenyewe, sasa mzee wa kipara, akijitazama ana miaka saba, bakuli mkononi, anaomba aongezewe uji.